Liberia, Mto Mano, Belgrade au Arusha: wamama wa Dodoma wafuate njia ipi ya amani?

Kwenye vikundi vya wanawake hapa Dodoma, kuanzia vikoba vya Chang'ombe na Nkuhungu mpaka wadada wa UDOM, siku hizi kuna wazo linazunguka: tuungane na wanawake wa Burundi na Kongo tufanye kitu cha pamoja cha amani, maana vita ikiisha kwenye karatasi huwa inaendelea mashambani na ndani ya nyumba za watu, na sisi ni majirani. Wazo silipingi hata kidogo. Ishu inaanza kwenye kikao. Mmoja anasema tufanye kama wale wa Liberia, mwingine anasema hapana tuandike tamko tuwapelekee wakubwa, binti wa chuo anataka tuvae nyeusi tusimame Nyerere Square kimya kimya, na saa kumi na mbili jioni mnatawanyika mkiwa mmekubaliana jambo moja tu, rangi ya fulana.

Sasa mi nimezipanga njia nne, zote zimefanywa na wanawake wanaojulikana na zote zilivuka mpaka kwa namna moja au nyingine. Nazilinganisha kwa macho ya mtu wa hapa: inakula hela kiasi gani, inataka watu wa aina gani, polisi wetu watasemaje, na zaidi ya hayo yote, wababa wakishasaini na kupigwa picha wale wanawake walibaki na nini mkononi. Hicho kipimo cha mwisho nakipa uzito kuliko vingine, kwahiyo mkiniona naegemea upande mjue sijajificha.

LIBERIA 2003: KUKAA BARABARANI

Hii ndo kila mtu anaijua na ndo kila mtu anataka kuiga. Charles Taylor yuko ikulu, waasi wa LURD na MODEL wanasogea Monrovia, watoto wanabebeshwa bunduki pande zote. Leymah Gbowee na wenzake wa WIPNET, mtandao wa wanawake wajenga amani, wakapita makanisani, misikitini na sokoni, wakakusanya wamama wa Kikristo na wa Kiislamu, wafanyabiashara wa sokoni, wakimbizi wa ndani, wakavaa fulana nyeupe na vilemba vyeupe wakaenda kukaa kwenye uwanja karibu na soko la samaki. Kwanini pale? Kwa sababu msafara wa Taylor ulikuwa unapita pale. Watu wakisimulia hii stori hicho kipande wanakiruka, wanakimbilia fulana. Wale wamama hawakutafuta uwanja wenye kivuli wala wenye choo karibu, walitafuta sehemu ambayo yule wanayemtaka lazima awaone, akienda awaone, akirudi awaone, jua lipo na mvua ipo. Aprili 2003 akakubali kuwapokea, wakamsomea tamko lao, akasema atapeleka watu kwenye mazungumzo.

Mazungumzo yakafunguliwa Ghana mwezi Juni na hapo ndo harakati ikavuka mpaka. Kundi dogo likasafiri mpaka Accra, likaongezewa nguvu na wanawake wa Kiliberia waliokuwa wakimbizi kule kambi ya Buduburam. Wiki zikaenda, wajumbe wanalala hotelini wanakula vizuri huku Monrovia makombora yanaanguka. Julai wamama karibu 200 wakakaa chini mlangoni kwa ukumbi, wameshikana mikono, hakuna kutoka mpaka muelewane. Walinzi wakaja kumkamata Gbowee, akaanza kuvua nguo. Kwa wasomaji wa huku sina haja ya kueleza, mama mtu mzima akivua nguo mbele yako makusudi hiyo ni laana, na wale wanaume walielewa hivyohivyo. Msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, akawarudisha wajumbe ndani na baadae mkataba ukasainiwa, tarehe 18 Agosti 2003.

(Mgomo wa unyumba, maana najua kuna wanaosubiri nifike hapo: ulikuwepo, ila Gbowee mwenyewe ameshasema haukubadilisha kitu cha maana zaidi ya kuvuta waandishi wa habari. Tuendelee.)

Na baada ya sahihi? Hapa nawaheshimu kweli. Hawakukunja mikeka. Wakaingia kwenye zoezi la kusalimisha silaha, wakapita kuwahamasisha wanawake wajiandikishe kupiga kura, na uchaguzi wa 2005 akashinda Ellen Johnson Sirleaf, akaapishwa Januari 2006, mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa kuwa rais. Yeye na Gbowee wakapata tuzo ya Nobel ya amani 2011, pamoja na Tawakkol Karman wa Yemen. Kwa kipimo changu hii njia imefaulu, na vizuri tu.

Lakini ilete Dodoma uone. Kwanza hapa kwetu mkutano wa hadhara au maandamano yanataka taarifa ya maandishi polisi si chini ya saa 48 kabla, na polisi wanaweza wakakuzuia. Pili unakaa barabarani unamsubiri nani? Ukikaa barabara ya kwenda Mtumba msafara utakaopita ni wa waziri wetu, yule kamanda wa Kivu hapiti Ihumwa. Tatu, mama wa genge pale Majengo akikosa kufungua siku tatu mfululizo nyanya zinaoza na rejesho la kikoba liko palepale linamsubiri, wale wa Monrovia vita ilikuwa imeshawaharibia kila kitu, biashara, nyumba, watoto, wakafika mahali kukaa juani kukawa nafuu kuliko kukaa ndani. Sisi hatujafika huko na tushukuru. Kwahiyo njia hii ni ya watu walio ndani ya moto, na walio jirani na moto wakiiga wanaishia kupata picha nzuri tu.

MTO MANO: KUGONGA MLANGO WA RAIS

Kabla hata wa Gbowee hawajakaa juani, kulikuwa na wanawake wengine wanapita mlango wa mbele. MARWOPNET ni mtandao wa wanawake wa nchi za Mto Mano, yani Guinea, Liberia na Sierra Leone, ulizaliwa Abuja Mei 2000, wengi wao wakiwa watu wenye elimu na nafasi, wenye pasipoti kwenye mkoba na wanaojua kumpigia nani simu. Mwaka 2001 Taylor na Lansana Conté wa Guinea walikuwa hawaongei kabisa, Taylor kafukuza mabalozi, wanajeshi wako mpakani, wakimbizi wanasukumwa huku na huku. Wanawake wa nchi zote tatu wakamwendea Taylor, alafu wakaenda Conakry kwa Conté. Mzee mgumu, hataki kusikia habari ya kukaa na Taylor. Ndo Mary Brownell wa Liberia, mwalimu na mama mtu mzima, akamwambia kwamba yeye na Taylor watafungiwa chumba kimoja na yeye Brownell ataukalia ufunguo mpaka wapatane. Chumba kikanyamaza. Conté akacheka, akasema hakuna mwanaume angethubutu kumwambia vile, na akakubali. Mwanzoni mwa 2002 marais wa nchi hizo tatu wakakutana Rabat, Morocco. Mwaka 2003 MARWOPNET ikasaini kama shahidi ule mkataba wa Accra, na mwaka huohuo ikapewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Naipenda hii stori kuliko zote, sitaki kudanganya. Na kwa hela ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, nauli za watu wachache na hoteli, basi. Ila ina udhaifu ambao ukiwa ndani huuoni: inategemea nani anamjua nani. Rais akibadilika mlango unafungwa, yule mama mwenye namba za simu akizeeka mtandao unazeeka nae. Na kila mkitoka ikulu kuna mama wa sokoni anauliza nyie nani kawatuma, na mara nyingi jibu halipo.

Kwa Dodoma kishawishi ni kikubwa maana tuko mji wa serikali, Bunge liko hapa, wizara ziko hapa, balozi nazo zinakuja kidogo kidogo. Na nchi hii imeshatoa watu wa saizi hiyo, Getrude Mongella wa Ukerewe alikuwa katibu mkuu wa mkutano wa Beijing 1995 na baadae akawa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika 2004. Lakini jiulizeni kwa ukweli, kwenye kikundi chenu kuna nani ambaye waziri wa mambo ya nje wa Burundi atapokea simu yake? Kama hayupo, hii njia kwenu ni kuandika matamko na kupokelewa na katibu muhtasi.

BELGRADE: KIMYA NA NGUO NYEUSI

Hii ndo ya yule binti wa chuo. Ilianza Jerusalem Januari 1988, wanawake wa Kiisraeli wakawa wanasimama kila Ijumaa wamevaa nyeusi kupinga nchi yao kukalia ardhi ya Wapalestina. Oktoba 1991, Yugoslavia ikiwa inasambaratika, wanawake wa Belgrade wakaichukua, wakajiita Žene u crnom, yani wanawake wenye nyeusi, wakawa wanasimama Jumatano, bila kelele, bila wimbo.

Watu wanadhani uzito wake uko kwenye kimya. Mi naona uko kwenye nani anasimama na wapi. Wale walikuwa Belgrade, mji mkuu wa upande uliokuwa unapeleka wanajeshi, wakasema wazi kwamba wanaoua ni wa kwetu. Walitemewa mate, waliitwa wasaliti. Simu kati ya Serbia na Croatia zilipokatwa, wanaharakati wa Belgrade na Zagreb waliandikiana kupitia mtandao wa kompyuta unaitwa ZaMir, mwanzoni mwa miaka ya tisini hiyo, wakati wengi wetu hatujawahi hata kuiona kompyuta. Na mpaka leo kila tarehe 10 Julai wanasimama Belgrade kuwakumbuka zaidi ya wanaume na wavulana 8,000 waliouawa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia kule Srebrenica 1995, katika mji ambao watu wengi hawataki kusikia hilo jina. Mei 2015 wao na wenzao wa nchi zote zilizotoka Yugoslavia wakafanya Mahakama ya Wanawake kule Sarajevo, wanawake wa pande zote wakatoa ushuhuda hadharani, miaka 20 baada ya vita. Mahakama haina askari wala jela. Lakini kuna mama alisema kwa mara ya kwanza kilichompata na akasikilizwa na mwanamke wa upande uliomfanyia, na kwa wanaojua jinsi vita inavyobaki kwenye mwili wa mtu hicho sio kitu kidogo.

Sasa faida yake inaonekana ni bei, nguo nyeusi kila mtu anayo ya msibani. Hapa kwetu lakini usije ukadanganyika, kusimama kimya watu ishirini Nyerere Square nako ni mkusanyiko, utaulizwa barua iko wapi. Alafu kuna hili la wamama wa Kigogo, watu ambao ngoma ya muheme wanaipiga wenyewe na inasikika kijiji cha pili, uwaambie wasimame saa nzima bila sauti, mtashindana.

Ila hoja yangu kubwa ni nyingine. Mkisimama Dodoma mkasema Wakongo waache kupigana, mnamwambia nani, na inawagharimu nini? Hiyo sio Belgrade. Belgrade ya kweli kwetu ingekuwa kusimamia jambo la upande wetu, kwa mfano wakimbizi wa Burundi na Kongo wa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wanaishije, wanarudishwaje makwao na mwanamke anayeogopa kurudi anasikilizwa na nani. Kama mko tayari kwa hilo, njia hii ni yenu na nitakuja nisimame. Kama hamko tayari, nguo nyeusi ziacheni kabatini.

ARUSHA: KORIDO, ALAFU CHUMBA, ALAFU MIAKA

Nimeiweka mwisho maana ndo nataka mkae nayo. Ajabu ni kwamba imetokea hapahapa kwetu na watu wanaijua kidogo kuliko ya Liberia.

Vita ya Burundi ilianza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Mazungumzo yakafunguliwa Arusha Juni 1998, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi. Wanawake wa Burundi, Wahutu na Watutsi, wakaja kuomba nafasi mezani wakaambiwa nyie sio upande kwenye huu mgogoro. Vyama vilifika 19, na nadhani hilo la kuwakatalia wanawake lilikuwa jambo pekee walilokubaliana bila kusuluhishwa. Wakabaki korido. Kazi ya korido ndo hii: mjumbe anatoka kunywa chai unamfuata, unampa karatasi, unamuuliza mama yake hajambo, kesho unarudi tena na karatasi ileile. Baadae wachache wakaruhusiwa kuingia kama watazamaji, yani macho unayo mdomo huna.

Mwalimu akafariki Oktoba 1999, Mandela akashika nafasi yake. Julai 2000 UNIFEM, mfuko wa wanawake wa Umoja wa Mataifa, na Taasisi ya Mwalimu Nyerere wakaitisha palepale Arusha mkutano wa wanawake wa Burundi wa vyama vyote, wawili wawili kutoka kila chama pamoja na wale watazamaji, zaidi ya wanawake 50. Angalieni huo mpango ulivyokaa. Kila chama kina wanawake wake mle ndani, kwahiyo hakuna chama kitakachosimama kesho kiseme hao sio wa kwetu. Na wenyeji ni watu wasio na upande, Mtanzania hajaja kuwasemea, kaleta chumba na meza na chakula alafu kakaa pembeni.

Wakatoka na orodha. Asilimia 30 ya nafasi za uongozi, haki ya ardhi na mirathi, ubakaji uhesabiwe uhalifu wa kivita, usalama kwa wanawake wanaorudi kutoka ukimbizini, watoto wa kike wasome. Wakamkabidhi Mandela. Mkataba uliposainiwa tarehe 28 Agosti 2000 zaidi ya nusu ya waliyoomba yalikuwa ndani. Ile asilimia 30 ilikatwa, na najua kuna watu hapo wangerudi nyumbani wamenuna. Wenzetu wakaendelea kuisukuma, na katiba ya Burundi ya 2005 ikaja na asilimia 30 serikalini na bungeni. Miaka mitano, kwa neno moja kwenye karatasi.

Wasomali nao walikuwa na yao mwaka huohuo 2000 kule Arta, Djibouti, na naitaja kwa sababu inafanana na hii. Viti viligawanywa kwa koo, na mwanamke wa Kisomali kaolewa ukoo mmoja kazaliwa ukoo mwingine, kwahiyo hana kwao. Asha Hagi Elmi na wenzake wakajitangaza kuwa Ukoo wa Sita, ukoo wa wanawake, wakaingia. Akili ya namna ileile, unasoma mlango umetengenezwaje alafu unajitengeneza uingie.

Turudi Arusha, na tusiipambe. Mirathi mpaka leo Burundi haina sheria yake, inaenda kwa mila, na mila mnaijua inampa nani shamba. Waasi wakubwa, CNDD-FDD na FNL, hawakusaini Arusha, wa kwanza walikuja kuingia kwenye makubaliano 2003 na wa pili 2006 Dar es Salaam. Alafu 2015 nchi ikatikisika tena, watu kwa maelfu wakavuka kuja Kigoma. Mtu anaweza kusema sasa hiyo amani iko wapi. Mi namjibu kwamba mwaka huohuo 2015 kulikuwa na wasuluhishi wanawake zaidi ya 500 wametawanyika kwenye komuni za Burundi, wamama wanaokaa chini ya mti wanasikiliza ugomvi wa mpaka wa shamba, ugomvi wa mke aliyerudi kutoka kambini kakuta mume kaoa, ugomvi wa vijana wa vyama. Kabla yao kulikuwa na Dushirehamwe, ambayo ilikuwa inawafundisha wanawake wa Kihutu na Kitutsi usuluhishi wakiwa pamoja. Hivyo vitu havipigwi picha, ila ndo vilivyobaki kazini.

NANI ACHAGUE IPI

Kwa kipimo cha gharama ya kuanza, Belgrade ni ya kwanza, Mto Mano ya pili, Arusha ya tatu, Liberia inakula watu kuliko hela. Kwa kipimo cha sheria za hapa, Arusha na Mto Mano hazina shida maana ni vikao vya ndani, hizo mbili nyingine zinaanzia kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Kwa haraka ya matokeo hakuna kama Liberia. Kwa kilichobaki baada ya sahihi, naweka Liberia na Arusha sawa, ila ya Arusha ndo inayowezekana ukiwa jirani, ya Liberia haiwezekani ukiwa jirani, na hapo ndo nimeamua.

Kama nyie ni wanasheria, wastaafu wa serikali, wabunge wa zamani, watu wa balozi, nendeni Mto Mano msione aibu, ila kila safari mbebe mwanamke mmoja ambaye hana cheo na mumpe nafasi ya kuongea. Kama nyie ni wanafunzi wenye hasira na muda, na mko tayari kusema kuhusu mambo ya kwetu, Belgrade. Kama nyie ni kikoba cha kawaida, yani walio wengi wanaosoma hapa, chukueni Arusha na mchukue ile nusu ya mwisho, kufuatilia na kusuluhisha, ile ya kumkabidhi Mandela karatasi imeshafanyika.

Kuna njia nyingine, kujiunga na chama cha kimataifa kilichopo, kama WILPF iliyozaliwa The Hague 1915 wanawake zaidi ya 1,100 walipokutana vita vya kwanza vikiendelea, makao yake Geneva. Heshima yao naijua, wana Nobel mbili kupitia Jane Addams 1931 na Emily Greene Balch 1946. Ila kwa kikundi kinachoanza utajikuta unajaza fomu na kusoma barua pepe za Kiingereza. Iacheni kwanza, mtaijia mkikua.

Na mtu akiwaambia mambo haya ya kuvuka mipaka ni ya wazungu mwambieni Umoja wa Wanawake wa Afrika ulianzishwa Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1962, karibu mwaka mmoja kabla ya OAU, ule umoja wa serikali za Afrika, ndo maana siku ya mwanamke wa Afrika ni hiyo. Na lile azimio namba 1325 la Baraza la Usalama linalotaka wanawake wawepo kwenye meza za amani lilipita Oktoba 2000 Namibia ikiwa mwenyekiti wa Baraza, na wapigania uhuru wa Namibia walikaa Kongwa, mkoa wetu huu. Bado watu wa hapa wanaongelea 1325 kama kitu kilichoshuka kutoka New York.

Mambo ya vitendo sasa, kwa wanaochagua Arusha. Lugha haitawasumbua kwenye maongezi, wamama wengi wa Bujumbura, Uvira na Bukavu Kiswahili wanakijua hata kama chao kina ladha yake, shida inakuja kwenye maandishi, wao ofisi zao ni Kifaransa, kwahiyo mihtasari iandikwe Kiswahili na mtafute mtu mmoja wa kuigeuza, mmoja tu anayelipwa, msitegemee kujitolea maana atachoka. Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kongo tangu 2022. Kwa Burundi asiye na pasipoti aulize uhamiaji kuhusu hati ya dharura ya kusafiria. Ukiwa Dodoma treni ya reli ya zamani inakufikisha Kigoma kupitia Tabora, polepole lakini bei ya mwananchi, na kutoka Kigoma mpaka wa Manyovu sio mbali.

Hela. Anzeni na ya kwenu, hata kama ni mfuko wa jamii wa kikoba mnaoutoa kila wiki, ya mfadhili ije baadae. Mfadhili akiingia mapema ndo anayeamua mkutane lini na muongelee nini, na taratibu za msajili kwa fedha za nje mtazijua mkiwa mmeshachelewa. Mkihitaji ushauri wa kitu hiki waulizeni wakongwe, TAMWA, chama cha waandishi wa habari wanawake, wapo tangu 1987, TGNP, mtandao wa jinsia, tangu 1993, wameyaona mengi.

Na msianzie mbali. Kabla ya Bujumbura kuna Ulyankulu, Tabora, ambako kuna wamama ambao wao au wazazi wao walikimbia Burundi 1972, wengi wakapewa uraia wetu wakati wa lile zoezi la watu zaidi ya 160,000 lililokamilishwa 2014. Wana ndugu kule, wana lugha, wanajua shamba la baba lilichukuliwa na nani. Barua ya kwanza waandikieni wao, fupi tu, iwe na maswali mawili: wajane wenu waliorudi wamepata ardhi au hawajapata, na ugomvi ukitokea wanampelekea nani. Majibu yakifika ndo mkae na mweka hazina mpige hesabu ya nauli.